Kabla ya chuo cha uandishi wa habari, isome lugha ya nyaraka za kwenu

Matokeo ya mtihani yakitoka, vijana wa Malindi na Lamu wanaotaka kuwa wanahabari huuliza swali lile lile: nisomee uandishi wa habari wenyewe, au nichukue historia, fasihi, Kiarabu, Kitaliano? Wazazi wengi hujibu haraka kwamba historia haina kazi. Mimi nashauri kinyume. Kuandika aya ya kwanza ya habari, kukata sauti kwenye kompyuta, kupanga maswali ya mahojiano, haya yote mtu mwenye bidii huyashika kwa miezi michache akiwa chini ya mhariri mkali. Kuisoma hati ya wakfu ya Kiarabu au rejista ya kampuni iliyoandikishwa Milano kunataka miaka. Basi miaka ya chuo na ipewe kazi inayohitaji miaka.

Kwa mwambao huu jambo hili ni zito zaidi kuliko sehemu nyingi za Kenya. Ardhi yetu ina hati za Kiarabu na barua za Kiingereza cha kikoloni. Baadhi ya hoteli na majumba ya ufukweni Malindi na Watamu yana wenyewe wanaoandikiana mikataba kwa Kitaliano. Gati za bandari ya Lamu zimejengwa na kampuni ya Kichina. Wavuvi wanazungumza Kiamu, Kipate na Kitikuu, na wakulima wa Magarini wanazungumza Kigiriama. Mwanahabari mwenye Kiswahili sanifu na Kiingereza tu huishia kupata upande mmoja wa kila habari, na mara nyingi ni ule ulioandaliwa na afisa wa mawasiliano.

Ardhi

Hakuna habari inayojirudia Malindi kama ya maskwota na mwenye hati. Anayeiandika bila historia huiandika kama ugomvi wa wiki hii: tingatinga limekuja, nyumba zimebomolewa, watu wanalia, mwenye hati hakupatikana. Aliyesoma historia anajua kwamba mwaka 1908 ilipitishwa sheria ya kuandikisha hati za ardhi za pwani, iliyomtaka kila mwenye dai alilete na kulithibitisha. Ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya Serikali ya Mwingereza. Sheria hiyo ilijengwa juu ya umiliki wa mtu binafsi mwenye karatasi. Anajua pia kwamba ukanda wa pwani wa maili kumi ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar hadi mapatano ya Oktoba 1963, yaliyoambatana na ahadi ya kutambua hati zilizokuwapo na mahakama za kadhi. Kwa hiyo, familia inaposema imelima pale tangu babu wa babu, na mwenye hati akasema hati yake ni halali, huenda wote wawili wanasema kweli. Habari yako ni namna hali hiyo ilivyotokea.

Kazi yenyewe huenda hivi. Kwanza pata nambari ya kiwanja na uombe upekuzi rasmi kwenye ofisi ya ardhi. Utapata jina la mwenye hati, aina ya umiliki, na kama pana rehani au zuio. Mwenye hati akiwa si raia wa Kenya, kumbuka Kifungu cha 65 cha Katiba: hawezi kumiliki ila kwa kukodi, na muda hauzidi miaka 99. Tangazo la nyumba linalomwambia mnunuzi wa Italia kwamba atakuwa mwenye mali moja kwa moja linahitaji kuwekwa ubavuni mwa kifungu hicho. Pili, pekua Gazeti Rasmi la Serikali, linalotoka Ijumaa, uone matangazo ya hati zilizopotea na ardhi zinazotwaliwa. Tatu, tafuta hukumu za zamani kuhusu kiwanja hicho kwenye tovuti ya Kenya Law, ambayo ni bure. Nne, kama jambo linafika zama za ukoloni, nenda kwenye Nyaraka za Taifa Nairobi uombe mafaili ya mkoa wa Pwani, yale yenye alama ya PC/Coast, pamoja na ripoti za kila mwaka za wakuu wa wilaya.

Hapo kwenye faili ndipo mafunzo ya historia yanapolipa. Ripoti ya mkuu wa wilaya ina mwandishi, msomaji aliyekusudiwa na haja. Ukisoma ripoti za mwaka 1913 na 1914 kuhusu Wagiriama na Mekatilili wa Menza, mama aliyewaongoza kuwapinga Waingereza, unasoma maneno ya watu waliotaka kodi na vibarua, na waliomhamishia mama huyo Kisii ili asiwazuie. Uliza kila mara: aliyeandika aliona mwenyewe au aliambiwa? Aliandika siku ile au baada ya miezi? Alikuwa na faida gani mkubwa wake akiamini? Maswali haya matatu ndiyo unayopaswa kuyauliza mbele ya taarifa ya polisi ya jana.

Hati za Kiarabu zina mitego yake. Tarehe huwa za Hijria, na mwaka wa Hijria kwa kawaida hukatiza miaka miwili ya kalenda ya kawaida. Mwaka 1320, kwa mfano, ulianza Aprili 1902 ukaisha Machi 1903. Hati isiyotaja mwezi huwezi kuiandikia 1902 kwa uhakika, na hata ikitaja siku, ukibadilisha kwa programu jibu laweza kupishana siku moja. Ikiwa hati ni ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama zilivyo nyingi za Lamu, Siu na Pate, ujue kwamba waandishi wa zamani mara nyingi walitumia herufi moja kwa "b" na "p", na alama moja ya irabu kwa "i" na "e", nyingine kwa "u" na "o". Jina la mtu au la shamba linaweza kusomeka kwa namna mbili au tatu. Usichapishe jina kabla ya msomaji wa pili, asiye wa familia inayodai, kulisoma peke yake bila kuambiwa wewe umelisomaje.

Kwenye mirathi, masomo ya dini ni kinga ya kweli. Kadhi akimpa mjane thumuni ya mali kwa sababu marehemu ameacha watoto, hajamdhulumu kwa kadiri ya sheria anayoifuata. Bila watoto angepata robo. Kichwa cha habari kinachosema mjane kapokonywa mali kimekosea sheria, na pia kimeipita habari iliyo muhimu zaidi, nayo ni kama mali yote iliorodheshwa kabla ya kugawanywa. Mashamba na nyumba huachwa nje ya orodha, na hapo ndipo pa kuchimba.

Kitaliano cha mahakamani na cha kampuni

Malindi ina Kitaliano cha ufukweni, cha "ciao" na bei ya samaki. Hicho hakitoshi kwa kazi ya habari. Kinachohitajika ni Kitaliano cha karatasi, na uzuri wake ni kwamba msamiati wake una mipaka na unajifunzika.

Anza na hatua za kesi. "Indagato" ni mtu anayechunguzwa, na bado hajashtakiwa. "Imputato" amefunguliwa mashtaka. "Condannato in primo grado" amepatikana na hatia katika ngazi ya kwanza, na Italia ina ngazi tatu. Kifungu cha 27 cha Katiba yao kinasema mshtakiwa hahesabiwi kuwa na hatia mpaka hukumu ya mwisho itoke. "Prescrizione" maana yake ni kwamba muda wa kisheria wa kesi umekwisha. Usiandike kwamba ameachiliwa kwa kuonekana hana hatia, wala usiandike kwamba amehukumiwa. Ukichanganya moja tu kati ya haya manne, umemkashifu mtu au umemtakasa, na barua ya wakili itakukuta ofisini. Programu za kufasiri kwenye simu huchanganya mawili ya kwanza mara kwa mara, kwa hiyo usizitegemee kwa habari ya mahakama.

Kuna na madogo yanayovuruga. Mwitaliano anayeitwa "dottore" huenda hakutibu mtu maishani, kwani kwao jina hilo hupewa kila mwenye shahada. Nukta na mkato hubadilishana nafasi katika namba: 1.500,00 ni elfu moja na mia tano. Mhariri asiyejua akaiandika moja na nusu, hesabu nzima ya mkataba imeharibika.

Kampuni ya Italia inayomiliki hisa za hoteli huku ina rekodi kwenye rejista ya biashara ya vyama vya wafanyabiashara vya Italia. Mtu yeyote anaweza kununua mtandaoni, kwa euro chache, waraka uitwao "visura camerale". Humo mna mtaji, anwani, wakurugenzi na tarehe ya kuanzishwa. Ukitaka orodha ya wanahisa, uombe pia. Angalia tofauti ya "socio", mwenye hisa, na "amministratore", msimamizi. Wengi huandika kwamba msimamizi ndiye mwenye mali. Kisha linganisha majina hayo na ya kampuni ya Kenya kutoka kwa Msajili wa Kampuni. Majina yasipolingana, tayari una maswali ya kwenda nayo kwenye mahojiano.

Kitaliano pia kinafungua historia ambayo Malindi haijajiandikia yenyewe vya kutosha. Kituo cha anga cha Ngomeni, kinachobeba jina la Luigi Broglio, kilirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco baharini tangu Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa hapo Uhuru, setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya elimu ya miale ya eksi angani, nayo ilipewa jina hilo kwa kuwa siku ile Kenya ilikuwa ikisherehekea uhuru wake. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za mradi ule iko Roma, kwa Kitaliano, na wazee wa Ngomeni waliofanya kazi pale wanazidi kupungua. Kijana mwenye lugha hiyo na rekoda ana kazi ya miaka miwili hapo, na hana mshindani.

Bandari, makaa ya mawe na haki ya kuelezwa

Lamu imefundisha nchi nzima kwamba lugha ni jambo la kisheria. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki za watu wa Lamu, zikiwemo za mazingira na utamaduni wao, zilivunjwa katika mradi wa bandari, ikaagiza fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Taifa la Rufaa za Mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa Kwasasi, na sababu kuu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Na mtu hashirikishwi kwa lugha asiyoielewa.

Mwanahabari anayefuatilia mradi mwingine wowote wa aina hii ashike Kanuni za 2003 za tathmini ya athari kwa mazingira. Kanuni ya 17 inataka matangazo kwenye gazeti la nchi nzima kwa wiki mbili mfululizo, tangazo la redio kwa lugha rasmi na lugha ya mahali angalau mara moja kwa wiki kwa wiki mbili, na mikutano ya hadhara isiyopungua mitatu. Kwa hiyo usiridhike na picha ya watu wameketi chini ya mwembe. Uliza mkutano ulifanyika lini na wapi, ripoti ilisomwa kwa lugha gani, nani alifasiri, alifasiri ripoti nzima au muhtasari, na karatasi ya mahudhurio ilisainiwa kabla ya maelezo au baadaye. Hilo la mwisho watu husahau kuliuliza, nalo mara nyingi ndilo zito.

Ukihitaji nyaraka kutoka ofisi ya umma, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika ombi kwa Kiswahili au Kiingereza. Ofisi ina siku 21 za kujibu, au saa 48 ikiwa jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu. Wakikataa, una siku 30 za kupeleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Ombi lishindwalo ni lile linalosema "nyaraka zote kuhusu bandari". Taja waraka, tarehe na idara.

Kichina nacho kina nafasi. Gati tatu za kwanza za Lamu zilijengwa na China Communications Construction Company, na ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021. Kampuni hiyo imeorodheshwa kwenye masoko ya hisa ya Hong Kong na Shanghai, hivyo hulazimika kutoa taarifa kwa wanahisa, na zile za Shanghai ni za Kichina. Wanahabari wa Kenya wanaozisoma kwa lugha yake wanahesabika.

Hadithi tamu zinazorudiwa

Makala za utalii za Malindi zimejaa habari kwamba Ibn Majid, baharia mashuhuri wa Kiarabu, ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama hadi India mwaka 1498. Vyanzo vya Kireno vya karne ya 16 vinamtaja rubani Mwislamu wa Gujarat. Jina la Ibn Majid linatoka kwa mwanahistoria wa Makka aliyeandika miongo mingi baada ya safari ile. Hivyo hivyo kwa sarafu ya mfalme Yongle wa China, aliyetawala 1402 hadi 1424, iliyopatikana Mambrui mwaka 2010, na nyingine iliyopatikana Manda mwaka 2013. Sarafu hupita mikono mingi. Inathibitisha kwamba kulikuwa na biashara, lakini yenyewe haithibitishi kwamba Mchina fulani alitia nanga pale. Kila ujumbe wa ubalozi ukija kuzuru, habari hizi huandikwa upya zikiwa zimeongezwa chumvi, na mwenye mafunzo ya historia anaweza kumzuia mhariri wake kwa swali moja tu: ushahidi huu unafika wapi?

Kunukuu watu wa kwetu

Lugha ya kigeni isikufanye udharau lahaja. Mvuvi wa Amu akisema "ndia" na "mato", usimgeuzie kimya kimya kuwa "njia" na "macho" ndani ya alama za kunukuu. Ama iache nukuu kama ilivyo na uieleze, au ondoa alama uripoti kwa maneno yako. Kwa Kigiriama, weka safu tatu kwenye daftari: maneno yenyewe kutoka kwenye rekoda, fasiri ya neno kwa neno, kisha Kiswahili kinachosomeka. Kazi hii hula muda, na saa moja ya mazungumzo inaweza kukuchukua saa nne au zaidi. Wasiotenga muda huo hujikuta wakichapisha muhtasari wa mkalimani kana kwamba ni maneno ya shahidi. Utaigundua hatari hiyo pale mzee anaposema dakika tatu na mkalimani akakupa sentensi moja. Simamisha mahojiano hapo hapo, uombe kwa heshima kifasiriwe kipande kwa kipande.

Wakati nao huteleza. Wazee wengi wa Lamu huhesabu siku kuanzia magharibi, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" waweza kuwa usiku ambao mwandishi wa Nairobi anauita Alhamisi. Kwenye habari ya boti iliyozama au mtu aliyekamatwa, kosa hilo ni la saa 24. Muulize: kabla ya sala ya Ijumaa au baada yake? Bahari nayo uliza kwa lugha yake. Mvuvi akikwambia ilikuwa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mchanga au mpevu, unaweza kukagua tarehe kwa mwezi.

Lugha ipi, na kwa kiasi gani

Chagua kwa kuangalia karatasi zilizopo kaunti yako. Kwa Lamu ningeanza na Kiarabu. Kwa Malindi ningeanza na Kitaliano. Chuo kinachofunza wanadiplomasia wa Marekani hutenga saa 600 hadi 750 hivi za darasani kwa Kitaliano na 2,200 kwa Kiarabu au Kichina, lakini hesabu hiyo ni ya mzungumzaji wa Kiingereza. Mtoto aliyepita chuoni kwa mwalimu wa Kurani tayari anazijua herufi, na Kiswahili kimempa maelfu ya maneno. Kitakachomchelewesha ni sarufi, na kuzoea maandishi yasiyo na alama za irabu.

Katika ngazi sita za Ulaya za kupima ujuzi wa lugha, kuanzia A1 ya chini hadi C2 ya juu, lenga B2 kwa kusoma. B1 inakutosha kujua waraka upi unafaa umpelekee mfasiri, na hilo peke yake ni faida kubwa. Kuanzia mwaka wa pili, chukua habari moja ya mahakama kila wiki, uifasiri kwa mkono, kisha uandike kila neno la kisheria pamoja na sentensi lilimotoka. Orodha ya maneno mia tatu ya namna hii ina thamani kubwa kuliko cheti kisicho na kazi nyuma yake. Wakati huo huo andikia redio ya hapo kwenu au gazeti la chuo, kwa sababu mhariri hatakuajiri kwa lugha peke yake. Atataka kuona habari tatu au nne ambazo bila lugha hiyo zisingepatikana.

Vyombo vya nje hufika hapa pakitokea jambo kubwa, kama walivyofika mwaka 2023 maiti zaidi ya 400 zilipofukuliwa Shakahola, nao huwatafuta wanahabari wa hapa wawafasirie na kuwafungulia milango. Ukikubali, andikianeni kabla ya kuondoka Malindi: malipo ya siku, malipo tofauti ya kunakili na kufasiri rekodi, nani anabeba bima, jina lako litatajwa wapi kwenye makala, na nani atalinda majina ya mashahidi mgeni akisharudi kwao. Mashahidi hao ni jirani zako. Mgeni akitaka kumtaja mtu aliyeomba asitajwe, wewe uwe na haki ya kimaandishi ya kulizuia jina hilo.